Mzizi na Nguzo: Maana ya Ufeministi wa Mzizi na Suala la Ujumuishi

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa njia ya tafsiri, chache zimepotoshwa kama ile itajwayo aghalabu kuwa "ufeministi wa itikadi kali". Kivumishi "kali" humfanya msomaji atarajie hasira, chuki dhidi ya wanaume na kuikataa ndoa. Ilhali neno lililotafsiriwa lina asili katika Kilatini radix, yaani mzizi. Kinachokusudiwa ni nadharia inayochimba hadi ilikoanzia dhuluma dhidi ya mwanamke, na kwa sababu hiyo makala haya yanaiita ufeministi wa mzizi.

Makala haya yanadai kwamba nadharia hii, ikieleweka kwa maana yake, huivunja kauli inayorudiwa mno madarasani na mabarazani: kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Hata hivyo, haiwezi kuivunja iwapo inamchukulia mwanamke kuwa yule yule kila mahali. Dai hilo linapimwa kwa tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), na kwa hali ya Wagusii wa Keumbu, soko lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka. Keumbu imechaguliwa kwa kuwa katika jamii hiyo kauli yenyewe huonekana kuwa na ushahidi wa wazi: wembe wa tohara ya wasichana kwa desturi hushikwa na mwanamke.

Maana ya Mzizi

Ufeministi huu uliibuka nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia vikundi kama New York Radical Women (1967) na Redstockings (1969). Wengi wa waasisi wake walikuwa wamepitia harakati za haki za raia na za kupinga vita vya Vietnam, wakatambua kwamba hata humo mwanamume ndiye aliyetoa hotuba na mwanamke ndiye aliyeipiga taipu. Mwaka 1970 Kate Millett, katika Sexual Politics, aliuonyesha uhusiano wa mume na mke kuwa uhusiano wa kisiasa. Mwaka huo huo Shulamith Firestone, katika The Dialectic of Sex, aliutafuta mzizi wa tatizo katika uzazi. Wafeministi huria walidai sheria zirekebishwe, nao wafuasi wa Marx waliulaumu ubepari. Wafeministi wa mzizi walishikilia kwamba ubabedume umeutangulia ubepari, na kwamba makao yake ni nyumba, kitanda na mwili.

Faida ya mtazamo huu kwa mhakiki ni dhahiri. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) imewahi kusomwa kama kisa cha msichana aliyepotoka. Msomaji wa mzizi huanzia kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga mkewe, na anayemwadhibu binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuanguka kwa Rosa hakuanzii mjini wala chuoni. Kunaanzia nyumbani, mahali ambapo jamii hudhani hapana siasa.

Mtihani wa Keumbu

Nadharia iliyozaliwa New York hukutana na mtihani mgumu Gusii. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa 2008–09 ulikuta kwamba asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2014 ulikuta asilimia 84. Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2011, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Desturi iliyofuatwa ilikuwa shughuli ya wanawake: mama aliamua, ngariba akakata, nyanya na shangazi wakaimba. Ikiwa ubabedume ni utawala wa wanaume, mwanamume yuko wapi hapo?

Jibu la nadharia ya mzizi ni kwamba mhakiki asiutazame mkono pekee. Kwa desturi, msichana asiyetahiriwa hakuhesabiwa kuwa mtu mzima afaaye kuolewa. Kuolewa kwa mahari ya ng'ombe ndiko kulikompatia mwanamke shamba la kulima, na kuzaa wana wa kiume ndiko kulikoithibitisha nyumba yake. Mama aliyempeleka bintiye kwa ngariba alikuwa akimlipia kiingilio katika mfumo ambao ardhi na jina la ukoo vilipitia kwa wanaume. Mkono ulikuwa wake. Kanuni hazikuwa zake.

Lakini jibu hilo halitoshi. Ngariba alipata ujira, mama alipata heshima, na msichana alipata jeraha. Kuwaweka wote watatu chini ya neno moja "wanawake" ni kumnyamazisha yule mdogo kwa mara ya pili.

Ndoa ya mwanamke kwa mwanamke inaufanya mtihani uwe mgumu zaidi. Katika jamii ya Wagusii, kama ilivyo kwa Wanandi, na kwa Wakurya wanaoiita nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumlipia msichana mahari ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Desturi hii yaonyesha kwamba nafasi ya mwoaji yaweza kushikwa na mtu asiye mwanamume. Hata hivyo, mzizi haukung'oka. Nyumba bado ilidai mrithi wa kiume, na tumbo lililotakiwa kumzaa aghalabu lilikuwa la msichana wa familia maskini.

Aina za Ujumuishi

Upungufu huu uliwahi kuonekana kwingine. Mwaka 1977 kundi la wanawake weusi wa Marekani, Combahee River Collective, lilitangaza kwamba dhuluma za rangi, tabaka na jinsia hufumwa pamoja, na likakataa wito wa kujitenga na wanaume weusi. Chikwenye Okonjo Ogunyemi wa Nigeria naye, mwaka 1985, alipendekeza mkabala wa mwanamke mweusi unaoibeba jamii nzima.

Mzozo mwingine umehusu watu wanaoishi kama wanawake ingawa walipozaliwa walihesabiwa kuwa wanaume. Janice Raymond (1979) aliwakataa kabisa. Andrea Dworkin, katika Woman Hating (1974), alikuwa amekwisha kudai kwamba mgawanyo wenyewe wa binadamu katika jinsi mbili ni zao la jamii, na kwamba watu hao wanastahili kusaidiwa. Wote wawili hujumlishwa katika ufeministi wa mzizi. Kwa hiyo, kuwatenga watu hao si sharti la nadharia hii. Ni tawi lake mojawapo. Mfano wa Gusii waiunga mkono hoja ya Dworkin kwa kiasi fulani, kwa kuwa watenganisha mwili na cheo. Lakini pia waonya kwamba kukibadilisha cheo hakumkomboi aliye chini yake.

Nguzo Mama yafaa isomwe upya kwa nuru hii. Katika kijiji cha Patata wanawake wanane, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo na kushindwa. Usomaji uliozoeleka hulaumu ukosefu wa umoja, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba wanawake hawapendani. Usomaji huo hausemi kwa nini wahusika wana namba badala ya majina. Namba huwafanya walingane machoni, kana kwamba kila mmoja aweza kushika kamba kwa nguvu ile ile, ilhali tamthilia yenyewe humwonyesha kila mmoja akivutwa nyumbani kwake na mzigo tofauti. Nguzo haisimami kwa sababu waliobuni kazi hiyo hawakuulizana nani anaacha nini anapokuja kuvuta.

Hitimisho

Ufeministi wa mzizi humfundisha mhakiki kutafuta kanuni nyuma ya mkono, iwe ni mkono wa ngariba au wa mwanamke wa Patata aachiaye kamba. Ujumuishi humkumbusha kwamba chini ya kanuni hiyo wanawake hawasimami mahali pamoja. Ukikosekana wa kwanza, lawama humrudia mwanamke. Ukikosekana wa pili, msichana wa Keumbu husemewa na aliyempeleka kwa ngariba. Mwalimu anayefundisha Nguzo Mama huko Gusii hana budi kuanza na swali la msichana huyo kabla ya kuuliza kwa nini nguzo ilianguka.