'Ufunguo wa umma' haufungui: Istilahi inayowapoteza watumiaji

Katika makala haya, ninadhamiria kuichunguza istilahi moja ya teknolojia ambayo, kwa maoni yangu, iliingia katika Kiswahili kwa mlango usiofaa. Istilahi yenyewe ni 'ufunguo wa umma'. Utaikuta katika maelezo ya programu za kufumba faili na baruapepe, mathalani PGP, iliyotolewa na Phil Zimmermann mnamo 1991, na GnuPG iliyokuja baadaye.

Mfumo wenyewe si mgumu ukielezwa kwa lugha nyofu. Kila mtumiaji huwa na vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza humpa yeyote anayetaka kumwandikia. Hicho ndicho hutumiwa kuufumba ujumbe. Cha pili hubaki naye peke yake, na ndicho kinachoufumbua. Wazo hili lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mnamo 1976. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wanaweza kupashana siri bila kwanza kunong'onezana nywila.

Sasa, Kiingereza kiliviita vyote viwili funguo, nasi tukafuata. Lakini jina la ufunguo kwa Kiingereza halitokani na kitenzi cha kufungua. Kwa Kiswahili uhusiano huo upo, tena wazi: 'ufunguo' hutokana na 'fungua', ambacho ni kinyume cha 'funga', kama 'fumbua' ilivyo kinyume cha 'fumba'. Anayesikia 'ufunguo' hutarajia kitu cha kufungulia. Kumbe 'ufunguo wa umma' haufumbui ujumbe wowote! Kazi yake ni kuufunga. Hilo ni kufuli, jamani, si ufunguo.

Neno 'umma' nalo lina walakini. Tunaposema 'mali ya umma', tunakusudia kitu kinachomilikiwa na watu wote. 'Ufunguo wa umma' una mwenyewe mmoja. Walichopewa wengine ni ruhusa ya kuutumia.

Huenda ukasema kwamba huku ni kuchokonoa maneno tu. La hasha. Mnamo 1999, Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha utafiti ambapo watu 12 walipewa dakika 90 watume ujumbe wa siri kwa kutumia PGP 5.0. Kati ya 11 waliogundua namna ya kufumba, 7 walitumia funguo za umma zao wenyewe badala ya za wale waliokuwa wakiwaandikia. Yaani walifunga sanduku kwa kufuli lao, kisha wakampelekea mtu asiyekuwa na ufunguo wake. Ikiwa wenye Kiingereza chao walipotea hivyo, sembuse sisi ambao neno lenyewe linatuambia tufungue?

Nimeyaona haya kwa karibu. Mwalimu mmoja rafiki yangu alitumiwa faili ya mtihani wa majaribio. Kila alipojaribu kuifumbua, programu ilimjibu kwamba hakuna ufunguo wa siri. "Lakini si ninao!" akalalamika. Alikuwa nao kweli, ila faili ilikuwa imefungwa kwa kufuli la aliyeituma. Mwenzake akamwambia, "Basi nitumie ufunguo wako nijaribu tena." Upi? Hapo ndipo palipo na hatari. Akituma ule wa siri, yeyote atakayeunasa pamoja na nywila inayoulinda ataweza kuzisoma siri zote alizofumbiwa. Angeambiwa "nitumie kufuli lako", kusingekuwa na utata.

Ukishalielewa kufuli, hitilafu nyingine hujieleza zenyewe. Programu ikikataa kufumba kwa madai kwamba ufunguo wa umma haupo, maana yake huna kufuli la unayemwandikia, mwombe. Ikikuonya kwamba haina hakika ufunguo ni wa nani, inakuuliza: je, kufuli hili si la tapeli aliyebandika jina la mwenzako? Mpigie simu, msomeane tarakimu na herufi zinazolitambulisha. Nawe ukipoteza ufunguo wa siri na huna nakala, hakuna fundi wa kukufungulia.

Ni kweli mfano wa kufuli una mipaka. Katika kutia saini mambo hugeuka: mwenyewe hutumia kile cha siri kuutia ujumbe alama, nao wengine hutumia kile cha wazi kuihakiki alama hiyo. Hapo picha ya muhuri inafaa zaidi. Ni kweli pia kwamba istilahi ikishazoeleka si rahisi kuing'oa. Hata hivyo, anayefundisha au kutafsiri anaweza kuanza leo: 'kufuli' kwa kinachogawiwa, 'ufunguo' kwa kinachofichwa, na 'muhuri' tunapozungumzia saini.

Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Mafumbo haya ya tarakilishi yaliundwa ili hata mwerevu asiyagangue bila ufunguo. Basi maelezo ya jinsi ya kuyatumia yasiwe fumbo jingine kwa mwenye ufunguo wake.