Istilahi "Nuru Iliyobanwa": Kinachobanwa Ni Nini?

Mwaka 2022 kampuni ya Xanadu ya Toronto, Kanada, iliifungulia umma kwa njia ya intaneti kompyuta yake ya kwanta itumiayo nuru, iitwayo Borealis. Mwanafunzi ajaribuye mtambo ulio mbali hivyo hauoni. Huujua kwa istilahi tu. Kwa hiyo istilahi mbovu humpoteza zaidi.

Borealis ilitumia mapigo 216 ya kile ambacho mfasiri wa haraka hukiita "nuru iliyobanwa". Asomaye hudhani kwamba mwali umefanywa mwembamba, kama maji yapitayo katika mrija. Sivyo. Nuru hiyo ina vipimo viwili visivyoweza kujulikana barabara kwa pamoja. Shaka ya kimoja ikipunguzwa, ya kingine huongezeka, mithili ya puto libanwalo upande mmoja likavimba upande wa pili.

Twapendekeza "nuru iliyobanwa shaka", kwa muundo ule ule wa "mti uliokatwa matawi". Neno moja tu limeongezwa, na mwanafunzi abadilipo kiwango cha kubana katika programu yake, atajua anachokibadili.