Mumiani Si Dracula: Uhakiki wa Istilahi katika Utafiti wa Masimulizi ya Wanyonya Damu

Makala hii inahakiki uteuzi wa istilahi moja katika kitabu cha Luise White, *Speaking with Vampires* (2000), ambacho ni rejea kuu kuhusu masimulizi ya wanyonya damu Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni. White anawakusanya wazimamoto wa Nairobi na Kampala pamoja na banyama wa Rhodesia ya Kaskazini, kisha anawaita wote vampaya. Hoja yetu ni kwamba jina hilo linafunika jambo ambalo majina ya wenyeji yanalitamka waziwazi.

Ubora wa kitabu haupingiki. White hashughuliki kuthibitisha kama damu ilinyonywa kweli. Anahoji kwa nini watu waliosimulia habari hizo walizisimulia kwa namna ile, na anayasoma masimulizi yao kama ushahidi wa kihistoria kuhusu kazi, ujira, magari na tiba za kikoloni. Kwa njia hiyo, uvumi uliodharauliwa na maofisa unapata hadhi ya chanzo cha historia.

Hata hivyo, vampaya wa Ulaya ni mfu. Madaktari wa jeshi la Austria walioandika ripoti yao mwaka 1732 huko Serbia walikuwa wakikagua maiti zilizofukuliwa makaburini. Dracula wa Bram Stoker (1897) naye ni mfu anayekunywa damu ili adumu. Majina ya Kiswahili hayamtaji mfu yeyote. Mumiani, kama kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inavyoeleza, kwanza ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemekana kutoka Uajemi, ambayo wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda. Wazimamoto ni jina la kazi. Chinjachinja ni jina la tendo. Anayeogopwa ni mtu hai, mwenye sare na mshahara, na damu anayoitoa haiinywi yeye. Inapelekwa kwa mwingine, tena kwa bei. Kwa ufupi, vampaya ana kiu, ilhali mumiani ana mwajiri.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulipoenea kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Anayeliita tukio hilo imani ya vampaya huishia kukanusha kuwapo kwa mazimwi. Anayelisoma kwa mantiki ya mumiani huuliza swali lingine: wananchi wanadhani nani anachukua nini kwao, na kwa faida ya nani? Swali hilo halihalalishi mauaji. Waliouawa kwa tuhuma hizo ni sehemu ya historia ya uvumi, na uhakiki unaousifu uvumi kama sauti ya wanyonge bila kuwahesabu wahanga wake ni uhakiki pungufu.

Tunahitimisha kwamba mumiani, wazimamoto na chinjachinja hazina budi kubaki istilahi za uchambuzi, zisigeuzwe kuwa mifano ya dhana ya kigeni. Mhakiki wa Kiswahili aanze na neno alilolitumia msimulizi, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya maelezo.