Mtenda Aliyefutwa Katika Tasnifu za Chai

"Tea was introduced in Kericho in 1924." Sentensi hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika sura za kwanza za tasnifu kuhusu Kericho na Bomet. Kisarufi haina dosari, na msimamizi ataipitisha. Lakini hebu isome tena. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hayumo. Nani aliyeleta chai hiyo ya kibiashara? Ni kampuni ya Brooke Bond, kutoka Uingereza. Iliipanda katika ardhi ya nani? Ya Wakipsigis, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya na kuwagawia maofisa wa Kiingereza waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Sentensi ya maneno saba imemeza kampuni, serikali na wenyeji.

Aya inayofuata huja na "the Talai were relocated". Hapo uficho unazidi, maana kitenzi chenyewe ni laini mno: mtu husoma akadhani watu walihamishiwa nyumba nzuri zaidi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo mmoja wa Wakipsigis, ikawapeleka uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Andika "The colonial government banished the Talai to Gwassi", na Kiingereza chako kitabaki cha kitaaluma vilevile, ila sasa kinasema nani alimtenda nani.

Siipigi marufuku kauli ya kutendwa. Mtafiti wa Timbilil, kwenye taasisi ya utafiti wa chai, akiandika kwamba majani mawili na chipukizi yalichumwa kisha yakakaushwa, yuko sawa kabisa. Anachopima ni jani, na mkono uliochuma haubadilishi matokeo yake. Katika historia ya ardhi, aliyetenda ndiye kiini cha hoja.

"On the other hand" nayo inateseka katika tasnifu hizohizo. Wengi huitumia kama "pia": Kericho hulima chai, on the other hand Bomet hulima chai. Hapo hakuna ukinzani wowote. Ukinzani wa kweli upo, na uko ndani ya kaunti zote mbili: upande mmoja mashamba makubwa ya makampuni yenye vibarua, upande wa pili mkulima mdogo anayepeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia, yaende kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, kama Momul au Kapkoros. Kirai hicho kikiwekwa hapo, kinabeba uzito wake.

Orodha za virai sahihi wanazogawiwa wanafunzi zinasaidia, lakini zinakagua sarufi tu. Msimamizi unayesoma rasimu juma hili, kila penye "was introduced", "was acquired" au "were relocated", andika pembeni kwa kalamu nyekundu: na nani? Usiirudishe sura hiyo ikiwa imepita mpaka mwanafunzi ajibu swali hilo.