Utoto Uliorejeshwa kwa Faida: Uhakiki wa Filamu ya Christopher Robin

Hadithi ya watoto inaporejelewa kwa macho ya mtu mzima, mhakiki hana budi kuuliza: ni nani anayerudishwa utotoni, na kwa maslahi ya nani? Filamu ya Marc Forster, Christopher Robin (2018), yastahili swali hilo, kwa kuwa mhusika wake mkuu anabeba jina la mtu aliyeishi.

A. A. Milne alichapisha Winnie-the-Pooh mwaka 1926 na The House at Pooh Corner mwaka 1928, akitumia jina la mwanawe na vinyago vyake vya kitambaa. Kitabu cha pili hukoma kwa kuagana. Forster anaanzia papo hapo: mtoto anauaga msitu, anapelekwa shule ya bweni, babake anafariki, vita vinazuka, kisha hadhira inamkuta London, meneja katika kampuni ya mikoba ya Winslow, ameagizwa apunguze gharama kwa asilimia 20. Sehemu hii ndiyo yenye nguvu. Ukungu umeutanda msitu, na Pooh, aliyechakaa kama kitu kilichokumbatiwa miaka mingi kisha kikasahauliwa, anauliza iwapo mkoba wa ofisini una thamani kuliko puto. Ewan McGregor analipokea swali hilo kwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ujinga wa Pooh hapa ni mbinu ya kinaya, sawa na ule wa wahusika wanyonge wa ngano: asiyejua ndiye anayefichua.

Udhaifu unajitokeza mgogoro unapotatuliwa. Kutofanya lolote, jambo ambalo msituni halikuwa na lengo, kunageuzwa mpango wa biashara: wafanyakazi wapewe likizo yenye malipo, wasafiri, wanunue mikoba. Faida haikushindwa na utu. Imevishwa joho lake. Huenda ikatetewa kwamba filamu ya familia sharti imalizike kwa furaha. Lakini Milne alimaliza kwa buriani, na watoto hawakumkimbia.

La kutatiza zaidi ni kimya cha filamu. Christopher Robin Milne wa kweli (1920–1996) alijeruhiwa vitani Italia, na mwaka 1951 akafungua duka la vitabu mjini Dartmouth pamoja na mkewe. Katika tawasifu yake, The Enchanted Places (1974), alieleza alivyodhihakiwa shuleni kwa sababu ya vitabu hivyo, na alivyowahi kuhisi kwamba babake alijijengea umaarufu juu ya mabega yake machanga. Kosa la Christopher wa filamu ni kuusahau utoto. Masaibu ya yule wa kweli ni kwamba ulimwengu ulikataa kuusahau. Milne alifariki mwaka 1956, mwanawe akiwa na umri wa miaka 35. Kwa kumfisha baba mapema, filamu inamwondoa mshtakiwa kabla ya kesi kusikizwa.

Forster hakudai kuandika wasifu, na haki ya msanii kubuni haipingwi. Hata hivyo, ubunifu huu una mwelekeo. Filamu ni ya Disney, kampuni iliyojipatia haki za hadithi hizi mwaka 1961, na malalamiko ya mtoto aliyeuzwa pamoja na vinyago vyake hayangeweza kusemwa kwa sauti katika bidhaa yake yenyewe.