Tashihisi na Upatanisho wa Kisarufi: Maumbile Yanaponena katika Ushairi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, tashihisi hutajwa miongoni mwa tamathali za usemi, ikatolewa mfano mmoja, kisha ikaachwa. Mwanafunzi huandika kwamba mshairi ameipa miti sifa za binadamu, akapata alama yake. Makala haya yanadai kuwa tashihisi ni suala la sarufi kabla ya kuwa pambo, na kwamba sarufi hiyo humwonyesha mhakiki nani anashtakiwa katika shairi na nani amefichwa.

Tuanze na lugha ya kila siku. Mkulima wa Molo husema kwamba baridi imeua viazi, au kwamba mvua imekataa. Hiyo ni tashihisi iliyokwisha kuchakaa. Nomino zimebaki katika ngeli yake wala hakuna anayeshtuka. Wanyama nao hawatufai kwa mfano, kwani simba na sungura hupatanishwa kama watu hata nje ya hadithi.

Penye uzito ni kwenye nomino zinazochukua kiambishi u-: mti, mto, msitu, mlima, upepo, ukungu. Kiambishi hicho ndicho pia cha nafsi ya pili umoja. Tuchukue sentensi hii: msitu umelala. Yaweza kuwa habari juu ya msitu. Yaweza pia kuwa maneno anayoambiwa msitu wenyewe. Shairi linapoimbwa, mkato hausikiki, na mshairi huvuka kutoka maelezo hadi maongezi bila kubadili silabi. Tofauti hujitokeza katika ukanushi na katika kiambishi cha mtendwa: haujalala si hujalala, nauita si nakuita. Jua na mvua havina mlango huo. Mshairi hana budi kuviita waziwazi.

Mfano mkongwe ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anausemesha moyo wake akiukumbusha maangamizi ya Pate. Moyo nao ni nomino ya u-. Umepewa nafsi ili uulizwe, na anayeulizwa hudaiwa jibu.

Mwaka 1856 John Ruskin alihoji ukweli wa washairi wanaoyavika maumbile hisia zao. Swali lake lilikuwa kama jambo hilo ni kweli. Swali linalotufaa zaidi ni hili: nani ameondolewa katika sentensi?

Tuyatazame mashairi ya mazingira yaandikwayo na wanafunzi wetu. Humo msitu hulia, mto hukonda, mlima huvua nguo. Msomaji huhuzunika, lakini mlima umefanywa mtenda wa uchi wake mwenyewe. Ilhali mwaka 2001 sehemu kubwa za misitu ya Mau ziliondolewa katika hifadhi kwa tangazo la serikali, na kila msumeno ulikuwa na mkono ulioushika. Mshairi akisema mlima umevuliwa nguo, kauli ya kutendwa humlazimisha msomaji kuuliza: na nani?

Hatusemi kwamba tashihisi ni hila. Tunapendekeza kwamba anayeifundisha achunguze mambo matatu: upatanisho, nafsi, na kauli ya kitenzi. Hapo mwanafunzi ataweza kutofautisha shairi linaloyapa maumbile kinywa ili yashtaki na lile linaloyapa machozi ili mkosaji asahauliwe.