Lengo la fundi wa nguo si hesabu ya soko

Kila mwanzo wa mwaka inatembeaka kwenye simu zetu ile karatasi ya "malengo ya mwaka". Inamwambia mtu anayeshona, anayetarizi ao anayetia bikwembe rangi: andika malengo 12, kila moja liwe na idadi na tarehe. Mifuko 50 mbele ya Machi, wafuasi 5 000 mbele ya Juni. Desemba ikifika, piga hesabu na ujipe pointi.

Leo nataka kuikosoa hiyo karatasi, juu wengi kati yetu wako na diploma ya lisanse ndani ya sanduku na sindano mkononi. Wengine walianza kushona wakingojea kazi, kisha wakagundua kwamba kazi ni hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo akisoma Desemba kwamba amefikia malengo 3 kati ya 12, anafunga mashine. Hata kama ile miezi ndiyo mkono wake ulianza kujua kitu.

Kosa la karatasi ni kuchanganya vitu viwili. Lengo la soko linauliza: nitauza ngapi? Lengo la sanaa linauliza: huu uzi unaweza kufanya nini ambacho sijakiona bado? La kwanza linapimwa ndani ya daftari. La pili linapimwa paka kwenye nguo yenyewe.

Tuchukue msanii mmoja ambaye maisha yake yote ya kazi yanajulikana: Anni Albers, aliyezaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1899. Aliingia shule ya Bauhaus mwaka 1922. Hakutaka kufuma, lakini wanawake walikuwa wanasukumwa kwenye karakana ya nyuzi, naye akaishia pale. Kama angekuwa na karatasi yetu, mwaka wake wa kwanza ungeandikwa "lengo halikufikiwa". Yeye aliukubali uzi, kisha akaanza kuuliza uzi maswali.

Tazama kazi yake ya diploma, ya mwaka 1930. Ilikuwa kitambaa cha kufunika ukuta wa ukumbi mkubwa wa shule moja ya wafanyakazi kule Bernau, ambako sauti zilikuwa zinarudi kwa mwangwi. Alifuma kitu chenye pande mbili: upande mmoja nyuzi laini za kumeza sauti, upande mwingine selofani ya kurudisha mwanga. Lile lilikuwa lengo lenye mipaka kabisa, na kulipima hakukuhitaji pointi. Unasimama ndani ya ukumbi, mtu anasema, unasikia.

Mwaka 1933, Wanazi walipokwisha kutwaa utawala na Bauhaus kufungwa, yeye na bwana yake Josef walihamia Marekani, kufundisha Black Mountain College. Kuanzia kule walisafiri mara nyingi Meksiko, na yeye akachunguza kwa makini nguo za zamani za Peru, mpaka akawahesabu wale wafumaji wasiojulikana majina kuwa walimu wake wakubwa. Mimi napenda hapo. Mwanamke mwenye diploma ya Ulaya anapima kazi yake kwa kuiweka pembeni ya nguo ya fundi aliyekufa zamani, na anakubali kwamba bado ana kitu cha kujifunza.

Mwaka 1949 jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho, ya kwanza pale kwa fundi wa nguo mmoja peke yake. Baadaye, Jewish Museum ya New York ikamwomba kazi ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa. Alifuma vipande sita virefu, vyembamba, vya rangi nyeusi, nyeupe, ya mchanga na ya fedha, ambamo uzi unatangatanga juu ya kitambaa sawa vile mwandiko usiosomeka. Hakuna picha ya mtu, hakuna damu. Hiyo kazi, Six Prayers, ilimalizika mwaka 1967, na kwangu ndiyo kilele chake. Ile miaka 40 ya kuuliza uzi maswali madogo ilimpa lugha ya kusema jambo zito bila kupiga kelele.

Na bado hakukaa pale. Tangu 1963 alikuwa amejaribu kuchapa picha kwenye karatasi, akaona kwamba mchoro wake unaweza kwenda mahali ambapo mtambo wa kufumia haumruhusu. Kufikia karibu 1970 aliacha kufuma. Kwa karatasi ya malengo, huyo ni mtu aliyeshindwa. Mimi naona ni mtu aliyepima kazi yake kwa ukweli, akabadilisha swali.

Lakini hatuna lazima ya kwenda Ujerumani ili kuelewa hilo. Hapa kwetu Kasai, Wakuba wanafuma rafia. Ule uzi hausokotwi. Unatoka kwenye jani changa la mrafia, kwa hiyo urefu wa jani ndio mpaka wa kipande. Kwanza mti unaamua, kisha fundi anaanza. Wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi ile velu maarufu, na hawachori kwanza: nakshi inabadilika njiani. Sketi ndefu za ngoma zinaungwa kwa vipande vingi, kazi ya mikono mingi. Na nguo nyingi nzuri zinaonekana kwenye matanga, na marehemu anazikwa nazo. Kipimo pale ni macho ya ukoo mzima.

Najua mtajibu: "Albers alikuwa na shule, karakana na bwana msanii. Sisi tuna deni la nyumba." Ni kweli, na siyo jambo dogo. Ila hata yeye alitengeneza vitambaa vya kutumika, vingine kwa kampuni ya Knoll, na akavitenganisha na zile kazi alizofuma ili zitazamwe tu. Hakudharau soko, alikataa tu soko limsahihishie sanaa.

Kwa hiyo tushike madaftari mawili. La soko, weka idadi na tarehe vile karatasi inasema. Hapo iko sawa. La sanaa, tufanye sawa vile tunafanyaka kwenye shamba la majaribio, sisi wa agronomia: unabadilisha kitu kimoja, unaacha kipande kimoja bila kukigusa ili ulinganishe. Ukibadilisha mbegu, mbolea na umbali siku moja, mavuno hayatakuambia kitu. Basi msimu huu swali liwe moja: rangi hii juu ya pamba ya kuukuu inakaa namna gani? Mshono ukionekana nje, mfuko unapoteza ao unapata? Kata kipande cha kila jaribio, andika tarehe nyuma, tunza. Baada ya miezi mitatu, vitandaze vyote chini, uite mtu mmoja anayejua kushona kuliko wewe, akuambie anaona nini.

Kama vipande vya mwisho vinajua kitu ambacho vya kwanza havikujua, mwaka haukupotea, hata kama mifuko iliyouzwa ni tisa. Kama vyote vinafanana, hapo ndipo kuna kazi, hata kama umeuza mia moja. Na swali likiisha kuzaa, liache bila haya, chukua lingine.